Mikono Iliyokwama Njiani

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mama Mikono alikuwa na ibada yake ndogo. Alisimama sebuleni, pua karibu iguse kile kisanduku cha waifai kilichowekwa nyuma ya televisheni, akafungua simu na kubonyeza kitufe cha kupima kasi ya mtandao. Mshale ulizunguka, ukapanda, ukatetemeka kidogo, ukatua kwenye hamsini. Hapo uso wake uling'aa kama wa mzazi aliyeambiwa mwanawe ndiye wa kwanza darasani.

"Hamsini," alimwambia mumewe kwa mikono, akimwonyesha simu.

Mumewe, fundi seremala ambaye hakuwa anasikia tangu utotoni, alitikisa kichwa kwa heshima na kuendelea kunywa chai. Hamsini ya nini, hakujua. Wala mkewe, tukisema ukweli, hakujua sana. Alijua tu kwamba ni nyingi, na kwamba jirani yao ana ishirini.

Jina la Mama Mikono alibandikwa na mtaa. Hakuwa na mtoto aitwaye Mikono. Ila hata akiongea na muuza nyanya, mtu mwenye masikio yake mawili mazima, mikono yake haikutulia. Mama yake mzazi alikuwa kiziwi, kwa hiyo lugha ya alama ndiyo aliyoanza nayo, ya mdomo ikafuata baadaye kwa kuchechemea. Utotoni alikuwa akifuatana na mama yake dukani, benki, hata kwenye vikao vya wazazi shuleni, ambako alitakiwa kutafsiri mashtaka dhidi yake mwenyewe. Walimu walikuwa wakishangaa: wanamsema mtoto vibaya, mama yake anachekelea na kushukuru.

Alipokua, mzaha ule ukawa kazi. Akasomea ukalimani, akapata cheti, na hospitali kubwa ya mji ilipoanzisha huduma ya wakalimani kwa njia ya video, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Kliniki iliwekewa kishikwambi juu ya kigari. Akija mgonjwa kiziwi, daktari anabonyeza, na mkalimani anatokea kwenye kioo akiwa nyumbani kwake. Mgonjwa anasema kwa mikono, mkalimani anasema kwa mdomo, daktari anajibu, mkalimani anarudisha kwa mikono. Hakuna tena kumburuta shangazi au jirani aje kusikiliza siri za tumbo la mtu.

Mama Mikono alijiandaa kwa kazi hiyo kama bibi harusi. Alichagua chumba cha nyuma, kwa sababu ndicho chenye dirisha kubwa. Mkalimani aliyekaa gizani ni sawa na msemaji aliyejaza chakula mdomoni. Nyuma yake alitundika kitambaa kisicho na maua. Alinunua blauzi nyeusi, akavua bangili, akakata kucha. Alifikiria kila kitu, isipokuwa kile kimoja alichojiona anakijua vizuri kuliko watu wote.

*

Mgonjwa aliyemtoa jasho alikuwa msusi. Mwanamke kijana, kiziwi, mimba yake ya kwanza, imeshakuwa kubwa. Alikuja kliniki alasiri moja ya Alhamisi akiwa na mama mkwe wake, kwa kuwa mume alikuwa kazini mbali.

Mama Mikono aliwaona vizuri kabisa. Aliona mpaka uzi uliong'ang'ania kwenye mkono wa gauni la msusi. Akamsalimu, akamweleza yeye ni nani, daktari akauliza swali la kwanza, naye akalitafsiri: unajisikiaje siku hizi?

Msusi akakunja uso. Akasogea karibu na kioo. Akasema kwa mikono, "Sijaelewa. Umeganda."

Mama Mikono akarudia. Msusi akainamisha kichwa upande, kama anayechungulia dirishani penye vumbi. Daktari naye akasema, "Haloo? Sauti inakatika." Mama Mikono akarudia tena, polepole, mikono imepanuka, jasho likimtoka kwapani. Kwake kila kitu kilikuwa safi, picha safi, sauti safi. Alikuwa anawaona na kuwasikia, lakini wao walikuwa wanatazama sanamu lenye mdomo wazi.

Hapo mama mkwe akaona aokoe jahazi. "Hana tatizo, daktari mwanangu," alisema. "Anakula, analala. Uchovu wa kawaida tu."

Daktari, mwanamke mchapakazi ambaye nje alikuwa na foleni ndefu, akashukuru na kuandika. Msusi alikuwa ameinua mikono yote miwili, amekwisha kuanza neno. Akaona hakuna anayemtazama. Akaiteremsha taratibu, akaiweka mapajani, mmoja juu ya mwingine.

Mama Mikono aliiona ile mikono ikishuka, na roho ilimuuma kweli. Alifunga kompyuta, akakaa pale pale akitazama dirisha. Ameona mama yake akifanya vile mara nyingi mno.

Lakini mtu akiumia hutafuta wa kumlaumu, na yeye alimpata haraka. Akampigia msimamizi wa huduma. "Mtandao wa hospitali ni mbovu," alisema bila kuvuta pumzi. "Mimi kwangu hamsini. Nakutumia picha. Kwangu niliona kila kitu, mpaka uzi."

Msimamizi alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyepandisha hata akikasirika. "Dada, wakalimani wengine wawili wameingia chumba hicho hicho leo asubuhi, na wameonekana vizuri," alisema. "Daktari ameomba kigari kiondolewe. Anasema kinamchelewesha, ndugu za wagonjwa wanatosha. Nimemwomba atupe Alhamisi moja zaidi. Msusi atarudi siku hiyo, naye ameshazungumza nawe, sitaki kumbadilishia mtu. Ikikwama tena, kliniki ya wajawazito tumeipoteza."

Kazi ya Mama Mikono ilikuwa hatarini, hilo alilielewa. Ila kilichomkosesha amani ni lile neno ambalo msusi alilianza na hakulimaliza.

*

Kesho yake aliipigia kampuni ya mtandao, amejipanga kupigana. Mhudumu aliyepokea, mwanamke mwenye mafua na subira nyingi, alimwacha amalize yote.

"Pole, dada," alisema. "Sasa hebu niambie. Hiyo hamsini, ni namba ya juu au ya chini?"

"Ya juu. Ile kubwa."

"Na ya chini imesemaje?"

Kulikuwa na namba ya chini? Mama Mikono akaifungua ile picha aliyomrushia msimamizi kwa mbwembwe. Kweli, chini ya hamsini, kwa maandishi madogo, palikuwa na tano. Miezi yote ile hakuwahi kuitupia jicho.

"Mtandao una njia mbili," mhudumu akaeleza, akapiga chafya, akaomba radhi. "Kuna vitu vinavyokuja kwako, tunaita kupakua. Na kuna vinavyotoka kwako, kupakia. Wateja wetu wengi ni watu wa kupokea: filamu, nyimbo, mpira. Kwa hiyo kifurushi chako kina njia pana ya kuja na nyembamba ya kwenda. Wewe unafanya kazi gani?"

"Mkalimani wa lugha ya alama. Kwa video."

"Basi wewe unatuma picha."

"Mimi natuma mikono," alisema Mama Mikono, na sauti yake ikamshangaza, maana alianza kuona lile kosa lilipo. Aliwaona wao vizuri kwa sababu wao walikuwa wanakuja. Yeye ndiye aliyekuwa hafiki.

"Hata hivyo, tano ingetosha," mhudumu aliendelea. "Video iliyo safi inahitaji kama mbili za kwenda, mradi ziwe zimetulia. Unapimia wapi, dada?"

"Sebuleni. Hapa hapa kwenye kisanduku."

"Na unafanyia kazi sebuleni?"

Mama Mikono akageuka kutazama ukumbini. "Chumba cha nyuma."

"Basi hujapima mtandao unaoutumia. Nenda kapime ukiwa kwenye kiti chako cha kazi, saa ile ile ya kazi. Halafu usome namba zote mbili."

Mwingine angeona aibu. Mama Mikono aliona aibu kweli, lakini kidogo, kisha akashikwa na ile hamu ya mtu aliyepata ncha ya uzi. Akazunguka nyumba nzima na simu mkononi. Sebuleni, ya kwenda ilikuwa tano. Mlangoni, nne na ushei. Ukumbini, kuelekea chumba cha nyuma, baada tu ya kulipita kabati kubwa la vioo, ikadondoka hadi mbili.

Kabati hilo lilikuwa fahari ya mumewe. Alilitengeneza mwenyewe walipohamia, akalifunika vioo kuanzia juu mpaka chini na kulisimamisha ukumbini, ili akiwa amekaa popote aone nani anaingia nyuma yake. Nyumba yao ilijaa vioo vya namna hiyo, kila kona kimoja, wageni wakidhani wenyeji wanajipenda sana. Alipompigia tena mhudumu, aliambiwa kwamba kioo kina utando wa madini mgongoni, na waifai ikikutana na kitu hicho hurudishwa ilikotoka. Mumewe alikuwa amejenga ukuta wa kuzuia mtandao, kwa mapenzi yote, ili aone mkewe akirudi.

Bado kulikuwa na fumbo. Mbili za asubuhi zingemtosha kwa shida. Lakini alasiri, ameketi kitini, dirisha limejaa mwanga, alipima akapata sifuri nukta nne. Akapima tena. Sifuri nukta tatu. Kulikuwa na mtu anaikausha ile njia nyembamba, na alikuwa humu humu ndani.

Akatoka uani, kwenye banda la useremala. Akamkuta mhalifu ameegemea benchi, anacheka mpaka machozi. Simu yake ilikuwa imesimamishwa kwenye kopo la vanishi, na kwenye kioo palijaa nyuso za rafiki zake, wote viziwi, kila mmoja kwenye kijidirisha chake, mikono ikirushwa huku na huku. Kilikuwa kijiwe chao. Kila alasiri, kazi ikipungua, walifungua video wakapiga soga mpaka wachoke.

"Funga kidogo," Mama Mikono alimwambia.

Akafunga. Mkewe akapima: namba ikapanda. "Fungua." Akafungua, namba ikaanguka. "Ni wewe," alisema. "Nyinyi ndio mnaonikwamisha. Inabidi muache."

Uso wa fundi ukabadilika. Akaweka chini randa yake. "Tuache?" mikono yake ilikata hewa. "Siku nzima mikono hii imeshika mbao. Saa hii ndiyo ninazungumza. Wewe ukitoka hapo nje unaongea na muuza nyanya, na jirani, na paka wa jirani. Mimi nina hawa. Unataka kuninyamazisha mimi ili ukawasemee viziwi wengine?"

Maneno yale yalimchoma, kwa sababu hayakuwa ya uongo. Wakati huo alikuwa amesahau jambo moja: ugomvi wa lugha ya alama hauna kunong'ona, na simu ilikuwa bado iko wazi kwenye kopo la vanishi. Nyuso zote zilikuwa zimesogea karibu na kioo, zinafuatilia kwa makini kama tamthilia.

Fundi viatu, mkubwa wao, akainua mkono kama mwanafunzi. "Shemeji," alisema, "samahani, tumekosa nini?"

Mama Mikono akacheka bila kutaka. Kisha, akiwa amesimama kwenye vumbi la mbao, akawaeleza wote. Hakutaja jina la mgonjwa wala la hospitali, alieleza tu kwamba kuna mjamzito kiziwi alitaka kumwambia daktari neno, mkalimani akaganda, ndugu akajibu kwa niaba yake, naye akaiweka mikono mapajani.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kila mmoja wao ameshawahi kuiweka mikono mapajani mbele ya daktari.

"Mimi nilikwenda na shangazi," alisema fundi viatu. "Alijibu yeye. Walining'oa jino zima, bovu wakaniachia." Akafungua mdomo kuwaonyesha pengo, na hapo hata waliokuwa na huzuni wakashindwa kujizuia.

Mumewe hakucheka. Alimtazama mkewe, kisha akachukua futi ya chuma na penseli, akaingia ndani bila neno. Mama Mikono alimfuata, hajui kama amesusa au vipi. Alimkuta amepiga magoti ukumbini, anapima ukuta.

"Ile redio yako ya zamani ulisema inasikika ukiiunga waya," alisema fundi, ambaye hakuwahi kuisikia. "Hiki kisanduku hakina tundu la waya?"

Lilikuwapo, tena manne. Kesho yake akanunua waya mrefu wa mtandao, akatoboa ukuta kwa keekee nyuma ya televisheni, akaupitisha chini ya kabati lake, akaufunika kwa ubao mwembamba alioupiga randa mpaka ukapendeza kuliko ukuta wenyewe, na kuutokeza chumba cha nyuma, mguuni pa meza. Vioo havikuguswa. Mama Mikono akachomeka, akapima akiwa kitini: nne nukta nane za kwenda. Akapima tena na tena, haisogei.

Kwa habari ya kijiwe, walikubaliana wenyewe, bila yeye kuomba. Akiwa na mgonjwa, atafunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha dirisha linalotazama banda, nao watafunga video. Na mhudumu mwenye mafua alishaahidi kwamba mwezi ujao laini yao itabadilishwa iwe na njia mbili zilizo sawa, kila mtu aseme atakavyo.

Ila Mama Mikono alikuwa amejifunza kutoziamini namba kirahisi. Akampigia fundi viatu kibandani kwake, mjini, akamwambia, "Nisome." Akaanza kutaja majina ya watu herufi kwa herufi kwa vidole, kwa kasi, kisha akamsimulia umbea wa mtaa mwanzo hadi mwisho.

Fundi viatu alifuatilia kwa utulivu wa hakimu. "Nimeona vidole vyote," alitoa hukumu. "Hata hicho ulichokiunguza kwa mafuta. Sasa endelea, yule mwenye nyumba akasemaje?"

*

Alhamisi ikafika. Kitambaa chekundu kilikuwa dirishani, na uani fundi alikuwa akipiga randa peke yake.

Kioo kikafunguka. Daktari, kalamu mkononi, sura ya mtu anayetimiza ahadi tu. Mama mkwe, mkoba mapajani. Na msusi, ambaye safari hii hakuinua hata macho. Miguu ilikuwa imemvimba, mikono ikiwa mapajani.

"Habari yako," alisema Mama Mikono kwa alama. "Unaniona?"

Msusi akatazama. Akasubiri picha igande. Haikuganda. Akasogeza kiti mbele kidogo.

"Unajisikiaje?" daktari akauliza, na swali likafika zima.

"Hana tatizo..." mama mkwe alianza, lakini msusi alikuwa ameshainua mikono, na safari hii daktari aliiona.

Mama Mikono akafungua mdomo, akasema kwa sauti, kama kazi inavyotaka, akitumia "mimi" na si "yeye": "Kichwa kinaniuma mfululizo. Dawa za maumivu hazisaidii. Na macho yangu yana shida. Nikiwa nasuka naona vimulimuli mbele ya nywele za mteja, mpaka napoteza mstari."

Kalamu ya daktari ikasimama. "Tangu lini?"

Msusi akajibu. Mama Mikono alijikaza; si kazi ya mkalimani kulia. "Tangu wiki iliyopita," alisema. "Nilitaka kusema siku ile."

Daktari aliondoka mezani, akamfunga msusi mkanda wa presha, akapima, akapima mkono wa pili. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Akavuta kiti, akakaa mbele ya msusi, goti kwa goti, akazungumza akimtazama yeye. Presha imepanda sana. Ni hatari kwake na kwa mtoto, lakini wamewahi, na dawa zipo. Inabidi alazwe leo hii.

Mama mkwe alishtuka, machozi yakamlengalenga. Hakuwa mtu mbaya. Tangu harusi alikuwa amembeba yule binti kwa ulimi wake, sokoni na kila mahali, akiamini anamsaidia. "Daktari mwanangu, twende kwanza nyumbani," aliomba. "Tumngoje mume wake apige simu, tukubaliane kama familia."

Mama Mikono alitafsiri kila neno, la daktari na la mama mkwe, bila kupunguza. Daktari akamgeukia msusi. "Wewe unasemaje?"

Ilikuwa alama moja tu, fupi, mikono miwili ikishuka kwa nguvu na kutulia mahali pake.

"Nabaki," alisema Mama Mikono.

*

Siku kadhaa baadaye, mchana, simu yake ililia. Msimamizi alikuwa amemrushia video, na maneno machache: daktari anataka kigari cha pili, na mgonjwa ameomba hii ikufikie.

Msusi alikuwa amekaa kitandani wodini, amechoka, nywele timutimu, jambo la aibu kubwa kwa msusi. Mkono wa kushoto ulibeba furushi dogo jeupe, na ndani yake uso uliokunjamana, umelala. Kwa hiyo aliongea kwa mkono wa kulia peke yake, nusu ya maneno, lakini Mama Mikono aliyaelewa yote.

"Huyu ni wa kike," alisema. "Mdogo, lakini ana hasira, kwa hiyo ataishi. Leo asubuhi daktari amepita, na mkalimani wa zamu kwenye kioo. Akauliza nimelalaje. Mama mkwe akafungua mdomo kujibu. Mimi nikainua kidole, hivi." Akakiinua, kimoja, mbele ya kamera. "Nikamwambia, ngoja mama, nimeulizwa mimi."

Akamtazama mtoto, akamweka vizuri begani, kisha mkono ukarudi.

"Akangoja."